Alama Moja, Kazi Tatu: Ritifaa na Vitenzi vya Kiingereza katika Madarasa ya Kibondo na Kasulu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna makosa ya ritifaa katika vitenzi vya Kiingereza yanavyofasiriwa na kusahihishwa shuleni, kwa kuzingatia mazingira ya lugha ya wilaya za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma. Hoja kuu ni kwamba makosa hayo, ambayo huwekwa katika fungu moja la uzembe wa tahajia, ni ya aina mbalimbali na hayalingani kwa uzito. Baadhi yanadhihirisha kuwa mwanafunzi anakijua kitenzi lakini hajui kanuni ya maandishi. Mengine yanadhihirisha kuwa kitenzi chenyewe hakijaonekana. Aidha, makala yanaonesha kwamba Kiswahili sanifu humzoesha mwanafunzi ritifaa iliyo sehemu ya herufi, ilhali Kirundi, Kifaransa na utunzi wa mashairi ya Kiswahili huitumia kama alama ya udondoshaji. Inapendekezwa kwamba ufundishaji uanzie katika kazi hii ya pili.

1. Utangulizi

Katika shule za sekondari za Tanzania, Kiingereza ni somo na pia ni lugha ya kufundishia masomo mengine mengi. Kwa hiyo kosa la Kiingereza haliishii katika daftari la somo hilo. Mwanafunzi asiyetambua kuwa "he'd" katika sentensi moja ni "he had" na katika nyingine ni "he would" ameshindwa kujua kama jambo limekwisha kutokea au lingetokea, na kushindwa huko kunaweza kumfuata hadi katika swali la historia au la biolojia. Hata hivyo, ritifaa hushughulikiwa kama jambo dogo. Msahihishaji huizungushia duara kwa kalamu nyekundu, huandika neno "tahajia" pembeni, kisha huendelea na sentensi inayofuata.

Maelezo mawili hutolewa mara nyingi kuhusu chanzo cha makosa haya. La kwanza ni uzembe: mwanafunzi anajua, ila hakuwa makini. La pili ni athari ya lugha ya kwanza, ambayo kwa Kibondo na Kasulu hueleweka kuwa Kiha. Makala haya yanadai kwamba maelezo yote mawili hayatoshi, na kwamba la pili linaelekea upande usio sahihi. Mifano ya makosa inayojadiliwa ni aina zinazofahamika kwa kila msahihishaji wa Kiingereza. Haihusishwi na shule wala mwanafunzi yeyote.

Uhakiki unaegemea tofauti aliyoiweka S. P. Corder mwaka 1967 kati ya mtelezo na kosa. Mtelezo ni wa bahati mbaya, na aliyeufanya anaweza kuurekebisha mwenyewe akiusoma tena. Kosa hujirudia kwa utaratibu, na utaratibu huo ni dirisha la kuchungulia sarufi aliyoijenga mwanafunzi kichwani mwake. Mwanafunzi anayeandika "did'nt" leo, kesho na mwezi ujao hatelezi. Anafuata kanuni. Jukumu la mhakiki ni kuuliza ni kanuni ipi.

2. Ritifaa katika Kiswahili

Mwanafunzi wa Kitanzania hukutana na ritifaa kwanza katika Kiswahili, katika maneno kama "ng'ombe", "ng'ambo" na "ng'ara". Hapa alama hii haisimami badala ya kitu chochote kilichoondoka. Ni sehemu ya kiwakilishi cha sauti moja, nazali ya kaakaa laini, na ndiyo inayotenganisha "ng'oa", kuchomoa kitu kilichoota au kukita, na "ngoa", wivu au tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika ilipendekeza kwa lugha za bara hili herufi maalumu, ŋ, kwa ajili ya sauti hiyo. Kiswahili kilichosanifishwa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, kilibaki na "ng'". Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, hasa kwa mashine za kupigia chapa. Lakini uliifanya ritifaa kuwa kipande cha herufi katika akili ya kila anayejifunza kusoma.

Zaidi ya hapo, Kiswahili kina mikato mingi kisiyoitia alama. "Mwana wangu" huwa "mwanangu", "mume wake" huwa "mumewe", "na mimi" huwa "nami". Jambo hili halikomei katika nomino na viwakilishi. "Amekwisha kula" huwa "ameshakula": kitenzi kisaidizi "kwisha" kimesagika hadi kuwa kiambishi, silabi zimetoweka, na maandishi hayaoneshi kovu lolote. Kwa mujibu wa desturi hii, maneno yakiungana huungana kimyakimya. Mwanafunzi aliyekomaa katika tahajia ya Kiswahili ana sababu nzuri ya kuamini kuwa kitenzi kilichofupishwa hakihitaji alama.

Ipo, hata hivyo, ritifaa nyingine ya Kiswahili ambayo darasa la lugha huisahau. Katika utunzi wa mashairi, inkisari humruhusu mshairi kufupisha neno ili mizani itimie, na katika matini zilizochapishwa ufupisho huo mara nyingi huoneshwa kwa ritifaa: "n'takuja" badala ya "nitakuja", "s'oni" badala ya "sioni", "'mekwenda" badala ya "nimekwenda" au "umekwenda". Waandishi wa riwaya na tamthilia wanaoiga mazungumzo ya Unguja hufanya vivyo hivyo. Katika mifano hii ritifaa hukaa pale irabu au silabi ilipotoka. Tena hukaa ndani ya kitenzi, na msomaji hulazimika kuirudisha silabi iliyodondoshwa ili ajue nafsi: "'mekwenda" pekee haisemi ni nani aliyekwenda mpaka muktadha useme. Hii ndiyo kazi ileile ya ritifaa katika "he'd". Kwa bahati mbaya, inkisari hufundishwa katika fasihi na "ng'" hufundishwa katika tahajia, na hakuna daraja kati ya vipindi hivyo viwili.

3. Kiha, Kirundi na Kifaransa

Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Lugha ya wenyeji, Kiha, iliyopewa alama D66 katika uainishaji wa Guthrie, iko katika kundi moja na Kinyarwanda na Kirundi, D61 na D62. Katika lugha za kundi hili, irabu ya neno fupi kama "na" au ya a-unganifu humezwa inapokutana na irabu ya mwanzo ya nomino inayofuata. Othografia ya Kirundi huandika tukio hilo kwa ritifaa. "Na abandi" huandikwa "n'abandi". Kiongozi wa nchi ni "umukuru w'igihugu". Na jina rasmi la taifa lina "y'u Burundi". Aliyejifunza kusoma kwa Kirundi amejifunza, pamoja na herufi, kwamba ritifaa ni alama ya irabu iliyomezwa.

Ujuzi huo umeingia katika wilaya hizi pamoja na watu. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ilipokea pia Warundi. Mwaka huohuo wa 2015 kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Shule za kambi hizo zimefuata mitaala ya nchi walikotoka wanafunzi, na kwa hiyo Kifaransa kimekuwa na nafasi kubwa. Kifaransa nacho huandika "l'école" na "j'ai", na ritifaa yake hukaa palipokuwa na irabu.

Hapa ndipo hoja ya athari ya lugha ya kwanza inapoyumba. Kama lugha za nyanda hizi zingekuwa chanzo cha makosa ya ritifaa, mtu angetarajia kwamba kadiri mwanafunzi anavyoijua zaidi lugha ya kundi hilo katika maandishi, ndivyo anavyopotoka zaidi. Lakini dhana anayoipata msomaji wa Kirundi ndiyo hasa dhana inayohitajika katika mkato wa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiha anaitamka irabu iliyomezwa kila siku nyumbani. Anachokosa ni maandishi ya lugha yake, kwa kuwa Kiha hakifundishwi shuleni. Kinachomfikia kwa kalamu ni "ng'" ya Kiswahili na ukimya wa "ameshakula". Kikwazo, basi, hakimo katika lugha yake ya kwanza. Kimo katika mapokeo ya maandishi aliyofundishwa.

Hata hivyo, msaada wa Kirundi na Kifaransa una mpaka. Katika "j'ai" kinachopoteza irabu ni kiwakilishi, na kitenzi hubaki kizima. Katika "I'm" ni kinyume: kiwakilishi hubaki kizima na kitenzi hupoteza. Mwanafunzi aliyetoka katika mtaala wa Kifaransa anajua kwamba kitu kimedondoka, lakini anaweza kukitafuta upande wa kushoto wa ritifaa, ilhali kitenzi cha Kiingereza kimejificha upande wa kulia.

4. Makosa na uzito wake

Aina ya kwanza ni kuacha alama kabisa: "dont", "cant", "isnt". Mwandishi wa maneno haya ameunganisha kitenzi kisaidizi na kikanushi kwa usahihi, na ameyaandika kama Kiswahili kinavyoandika "ameshakula". Sarufi ya kitenzi ni salama. Madhara huonekana pale neno lisilo na ritifaa linapogongana na neno jingine: "we'll" ikawa "well", "she'll" ikawa "shell", na zaidi "we're" ikawa "were". Mgongano huu wa mwisho ni wa hatari kwa kuwa maneno yote mawili yana kitenzi, na tofauti yake ni njeo.

Aina ya pili ni kuihamisha alama: "did'nt", "does'nt", "is'nt". Kosa hili ndilo linalochekwa zaidi, na ndilo linalostahili heshima zaidi. Mwanafunzi ameweka ritifaa kwenye mpaka kati ya kitenzi kisaidizi na kikanushi, kana kwamba "nt" ni kiambishi. Mwaka 1983 Arnold Zwicky na Geoffrey Pullum walitoa hoja, katika jarida la *Language*, kwamba "n't" ya Kiingereza ina tabia za kiambishi na si za neno lililofupishwa tu. Mojawapo ya sababu zinazoipa nguvu hoja hiyo ni kwamba katika swali "Isn't he coming?" kikanushi huhama pamoja na kitenzi, ilhali "Is not he coming?" haikubaliki katika Kiingereza cha kawaida cha leo. Kwa mtazamo huo, mpaka wa mofimu uko palepale alipouweka mwanafunzi. Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu, ambaye kikanushi kwake ni kiambishi katika "hataki" na "hakuja", ameiona mofolojia ya Kiingereza kwa jicho la kweli. Asichokijua ni kwamba tahajia ya Kiingereza hapa haifuati mpaka wa mofimu. Inafuata nafasi ya herufi "o" iliyoondoka kati ya "n" na "t".

Aina ya tatu ni kuongeza alama pasipostahili: "he want's", "she sing's". Hapa sarufi imeguswa. Kiambishi "-s" cha nafsi ya tatu umoja hakikudondosha kitu, wala si kitenzi kilichofupishwa. Kosa hili linaweza kufafanuliwa kwa njia mbili zinazokamilishana. Mwanafunzi ameona "he's", "it's" na "the teacher's book", akahitimisha kwamba "s" ya mwisho hutanguliwa na ritifaa. Tena, kwa kuwa Kiswahili kimemzoesha kuiona ritifaa kama kipande cha herufi, "'s" nzima imekuwa kwake alama moja isiyogawanyika, kama "ng'" ilivyo moja. Kazi tatu, yaani herufi, udondoshaji na umilikishi, zimemwagwa katika chungu kimoja.

Aina ya nne ndiyo nzito kuliko zote: "your late" badala ya "you're late", "its raining" badala ya "it's raining". Kwa jicho la msahihishaji tofauti ni nukta moja ya wino. Kwa jicho la sarufi, "your late" haina kitenzi. Mwanafunzi amesikia mfuatano wa sauti na kuuandika kwa neno analolijua. Kumshauri ajaribu kwa tafsiri, kwamba "its" ni "-ake" na "it's" ni "ni", kunasaidia nusu ya safari tu. "It's a book" ni "ni kitabu", lakini "it's raining" ni "mvua inanyesha", na "it's gone" ni "kimekwenda": hakuna "ni" katika mojawapo ya sentensi hizo mbili. Kishirikishi cha Kiswahili hakilingani na mgawanyo wa "is" na "has", na kipimo kinachotegemea tafsiri humwacha mwanafunzi njia panda.

Katika fungu hili la nne imo pia "'d", ingawa yenyewe ni tatizo la kusoma zaidi kuliko la kuandika. "He'd gone" ni "he had gone". "He'd go" ni "he would go". Ritifaa haisemi ni ipi. Kinachosema ni umbo la kitenzi kinachofuata. Asiyejua umbo la hali timilifu hawezi kurudisha herufi zilizoondoka, hata akifahamu kanuni zote za alama za uandishi.

5. Hoja za kuikwepa ritifaa

Wapo wanaoona kwamba dawa ni kupiga marufuku mikato: mwanafunzi aandike "do not" na "it is" siku zote. Kwa insha rasmi ushauri huo unafaa. Lakini hautibu aina ya tatu wala ya nne, kwa kuwa anayeandika "want's" au "your late" hakusudii kufupisha chochote. Zaidi ya hayo, mwanafunzi atakutana na mikato katika tamthilia, riwaya na mazungumzo anayotakiwa kuyasoma. Marufuku humwondolea msahihishaji usumbufu, na kumwachia msomaji upofu.

Wengine hudai kwamba alama yenyewe haina maana. George Bernard Shaw aliandika "dont" na "wont" bila ritifaa katika tamthilia zake. Historia nayo inawaunga mkono kwa kiasi: ritifaa iliingia katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 16 kwa mfano wa Kifaransa, na katika karne ya 17 na ya 18 waandishi wengi waliandika "it's" kwa maana ya kumiliki, jambo ambalo leo ni kosa. Ukweli huu unafaa kusemwa darasani, kwa kuwa humwonesha mwanafunzi kwamba kanuni ni makubaliano ya watu na kwamba kukosea si upungufu wa akili. Lakini hauwezi kuwa utetezi. Shaw aliiacha ritifaa akiwa anajua ilipopaswa kukaa. Mtahiniwa wa Kasulu hasomwi kwa jina lake, anasomwa kwa maandishi yake.

6. Swali moja la kufundishia

Kutokana na uhakiki huu, inapendekezwa kwamba ritifaa ya vitenzi ifundishwe kwa swali moja linalorudiwa: ni herufi gani iliyoondoka hapa? Swali hili huanza na umbo kamili, hufuata udondoshaji, kisha huweka alama juu ya pengo. Kwa "don't" na "didn't", jibu ni "o", na nafasi yake hujulikana. Kwa "want's" hakuna kilichoondoka, alama ifutwe. Kwa "you're" imeondoka "a", na kwa kuijibu mwanafunzi amekiona kitenzi "are". Kwa "its" ya kumiliki hakuna kilichoondoka. Kwa "he'd" lazima mwanafunzi atazame mbele kabla ya kujibu, na kutazama huko ndiko kujifunza sarufi.

Swali hili lina mipaka yake. "Won't" haitokani moja kwa moja na "will not". Imehifadhi umbo la kale la kitenzi hicho, na ni lazima ikaririwe. Ritifaa ya umilikishi katika nomino ina historia yake, kwa kuwa inakumbusha irabu ya kiambishi cha kale "-es", lakini kwa mwanafunzi wa leo ni afadhali ifundishwe peke yake baada ya vitenzi kueleweka.

Msingi wa swali hili unaweza kuwekwa mapema katika somo la Kiswahili. Mwalimu anayefundisha "ng'ombe" anaweza kuongeza kwamba alama hii ina kazi ya pili, na kuonesha "n'takuja" ubaoni. Kwa mwanafunzi wa Kiha anaweza kuuliza ni irabu gani inayopotea watu wa nyumbani wanapotamka "na" pamoja na jina linaloanza kwa irabu. Hahitaji kitabu kipya. Anachohitaji ni kuambiwa, akiwa bado chuoni, kwamba Kasulu kuna vyuo vya ualimu vilivyozungukwa na watoto wanaojua udondoshaji kwa masikio yao.

Usahihishaji nao unapaswa kubadilika. "Did'nt" na "your late" hazistahili duara moja wala maelezo mamoja. Ya kwanza inahitaji mstari mmoja kuhusu nafasi ya herufi. Ya pili inahitaji somo kuhusu kitenzi. Msahihishaji anayezipa uzito sawa humwambia mwanafunzi wa kwanza kwamba hajui anachokijua, na wa pili kwamba anajua asichokijua.

7. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba makosa ya ritifaa katika vitenzi vya Kiingereza si fungu moja, na kwamba katika nyanda za juu za Kigoma chanzo chake hakiwezi kutwikwa Kiha. Mwanafunzi wa Kibondo na Kasulu anaishi kati ya mapokeo matatu ya maandishi: Kiswahili kinachoitumia ritifaa kama kipande cha herufi na kuunganisha maneno bila alama, Kirundi na Kifaransa vinavyoitumia kama alama ya irabu iliyomezwa, na Kiingereza kinachoitumia kwa udondoshaji na kwa umilikishi. Anachokosea mara nyingi ni kuchagua pokeo, na hakuna aliyemwambia kwamba yako zaidi ya moja. Wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili. Ilimradi vitabu vya sarufi vinaitaja ritifaa katika "ng'" tu na kuiachia fasihi inkisari, mwalimu wa Kiingereza ataendelea kujenga juu ya msingi ulioachwa nusu.